Kozi wa Kwanza

Zuleikha alikuwa anakuna nazi nyumbani kwake Malindi, Mji Mkongwe, Simai alipompigia simu. Akaibana simu begani, mikono ikiendelea na kazi.

"Dada, acha unachofanya, ukae."

"Nshakaa. Sema."

"Kaka Mansour hatunaye. Karudi msikitini alfajiri, kajilaza, basi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Mansour, kaka yao mkubwa, alikuwa fundi cherehani. Mkewe alikufa zamani, mtoto hawakujaaliwa, naye akabaki peke yake katika chumba kimoja Mkunazini. Ujanani, kitabu cha katuni cha Kozi, shujaa mwenye mabawa anayeulinda Mji Mkongwe, kilipotengenezewa filamu, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa Kozi. Alishona mwenyewe kinyago na mabawa, akaruka mapaa mpaka akavunjika mguu. Mji mzima uliitazama filamu ile, lakini uso wake hakuuona mtu, maana kinyago kilimfunika hadi shingoni. Filamu ya pili akapewa mwengine. Miaka hii Kozi yumo kwenye tamthilia ya televisheni, akiigizwa na Sabri, kijana wa Michenzani asiyevaa kinyago kabisa. Sabri akipita njiani, watu humwita Kozi na kuomba kupiga naye picha. Mansour akipita akichechemea, hapana anayegeuka. Kila Ijumaa alikwenda kwa Zuleikha kula na kutazama tamthilia hiyo.

"Kijana anaruka vizuri," husema, chai yake ikipoa mkononi.

Maiti aliletwa kwa Zuleikha, akaoshwa na kukafiniwa. Maziko yalipangwa baada ya Adhuhuri. Zuleikha alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alisomeshwa utotoni, chuo cha Kurani, kwamba Muislamu akiswaliwa na watu arubaini wasiomshirikisha Mwenyezi Mungu, maombezi yao kwake hukubaliwa. Saa nne akachungulia barazani. Wanaume saba, na mmoja wao ni muuza kahawa aliyesimama kuuliza kuna nini.

"Mayasa, mwanangu," akamwambia jirani yake, "wewe una makundi kwenye simu. Wape watu habari."

Nani angemjua Mansour bin Hamoud? Mayasa akaandika: Kozi wetu amefariki, maziko leo Adhuhuri. Akatuma kila alikoweza.

Saa tano na nusu barazani walikuwa tisa. Zuleikha alikaa karibu na kaka yake akisoma Yasin, akawa anapotea katika aya alizozijua tangu utoto.

Kumbe watu walitoka, tena wengi. Walikwenda Michenzani, kwa mama yake Sabri. Walishatandika majamvi chini ya jumba na vilio vimeanza, Sabri akatokea ngazini, taulo begani.

"Jamani, mimi mzima!"

"Mzima?" akafoka bibi mmoja. "Na mie nshafunga duka langu!"

Sabri akaomba simu, akausoma ule ujumbe mara mbili, akampigia Mayasa aliyeutuma, kisha akaenda kuvaa kanzu.

Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa Zuleikha aliposikia vishindo vya viatu uchochoroni. Akatoka mlangoni; Mayasa alishamweleza mkasa wa Michenzani.

"Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Si wewe uliyekufa?"

"Ndiye mimi," Sabri akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Walikuja kunizika. Nikawaambia aliyefariki ni Kozi wa kwanza, nifuateni. Sikuwahi kumwamkia hata siku moja, Bi."

"Mmekuja wangapi?"

"Sikuwahesabu. Uchochoro umejaa."

Zuleikha akafunuliwa uso wa kaka yake. Akambusu kwenye paji, akamtaka radhi, na yeye mwenyewe akamsamehe kaka yake yote. Sanda ikafungwa. Wanaume wakalibeba jeneza, wakatoka nalo wakisoma tahlili, na wanawake wakabaki ndani.

Baada ya Alasiri Simai alirudi, miguu imejaa udongo, akamweleza. Aliswaliwa kwa safu saba, kila moja watu wasiopungua kumi. Alizikwa Mwanakwerekwe, na waliomteremsha kaburini ni Simai mwenyewe, Sabri na muuza kahawa. Talkini ikasomwa, watu wakaitikia dua, wakaondoka mmoja mmoja.

"Alhamdulillahi," akasema Zuleikha, akaingia ndani kutia udhu.