Ngazi Isiyo na Fa

Friji yangu ikianza kunguruma jikoni, mdomo wangu huimba "Sa" kabla sijajijua. Watoto wangu hunicheka. Sasa ningewaeleza nini? Kwamba nikiwa na miaka kumi nilijifunza kuimba kwenye sebule moja kule Membley, Ruiru, kando ya kisanduku kilichotoa sauti moja bila kupumua, hivyo hivyo kama friji?

Kisanduku kilikuwa cha Anti Vasantha, Mhindi wa kusini ambaye mumewe alikuwa injinia kiwandani Thika. Mama yangu, fundi wa nguo, alimshonea blauzi za kuvalia sari. Kila Jumamosi tulitoka kwetu Thika tukaenda Ruiru kumpima, na siku moja Anti akanisikia nikijiimbia solfa ya kwaya, akaniketisha sakafuni. Tangu siku hiyo mama alishona pindo, mimi nikaimba. Harufu ya majani ya mchuzi yakikaangwa ilinimezesha mate katikati ya noti, na Anti akajifanya hajaona.

Nilipenda masomo yale kupita kiasi. Lakini asubuhi moja mama aliniambia, "Maitu, leo ndiyo ya mwisho." Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake, Wangari, aliyekuwa amefariki. Kumbe mwenyekiti wa kina mama kanisani alikuwa amemuuliza kama ni sawa mtoto kufundishwa nyimbo za miungu ya wengine.

Mimi nilikuwa na jibu. Kwenye daftari nilikuwa nimechora ngazi mbili, kama ile ya solfa iliyotundikwa kwenye chumba cha kwaya. Upande huu do, re, mi, fa, so, la, ti. Upande ule sa, ri, ga, ma, pa, da, ni. Anti alikuwa na raga moja, yaani mpangilio wa noti, iitwayo Shankarabharanam, jina refu kuliko wimbo, na noti zake zilikaa bega kwa bega na zetu bila hata moja kubaki nje.

"Ona, mama! Ni kitu kimoja!"

Mama akaangalia, akarudisha daftari. "Kama ni kitu kimoja, si uimbe hiyo ya kanisani? Haina nauli."

Haiya! Nikafika Membley nimenuna.

Anti, ambaye hakujua lolote, alichagua siku hiyo hiyo kunifundisha raga mpya, Mohanam. Noti tano tu: sa, ri, ga, pa, da. Nikazitafuta kwenye ngazi yangu: do, re, mi, so, la. Fa haiko, ti haiko. Nikaimba nikipanda, nikaimba nikishuka.

Nyuma yangu mkasi ukanyamaza. Mama alitoa pini mdomoni, akazipanga mezani moja moja, kisha akaanza wimbo wa Kikuyu ambao shosho, mamake, alizoea kuimba akipalilia shamba lake Kalimoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba hivyo. Kanisani sauti yake ilinyooka kama rula, maana mwalimu wa kwaya hakutaka noti ivutwe. Hapa aliivuta, akaitikisa, akatoka re akaingia mi kwa mlango wa nyuma, vile vile Anti alivyofanya.

Anti alishaanza kupiga paja, akihesabu kwa vidole na kutaja noti chini chini. "Mama Wangari! Hii ni Mohanam!"

"Hapana," mama akasema, akipangusa macho. "Hii ni ya mama."

"Sawa. Imba tena."

Akaimba tena. Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyeniamsha: "Amka, tutachelewa!"

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba ngazi zangu mbili ndizo zilizomshinda mama. Aki, utoto! Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipojiuliza kwa nini Anti, ambaye hakunenepa wala kukonda, alipimwa blauzi kila Jumamosi hadi nikamaliza shule. Tangu siku ile mama hakuwa akinisindikiza. Alikuwa akienda mahali pekee alipoweza kuimba na mamake bila mtu kumwambia anyooshe sauti.