Utani Uliomwaga Mafuta

Kaka yangu Isihaka alirudi Handeni kulima mahindi baada ya kufukuzwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini. Kazi yake ilikuwa kuangalia tangi la tope, tope zito linaloshindiliwa kisimani ili mafuta yasipande. Tope likizidi tangini, ujue mafuta yanalisukuma kutoka chini.

Bosi wake, Mayunga, ni Mnyamwezi. Sisi ni Wazigua, watani wao wa jadi. Miaka minne kazi yao ilikuwa kutangaziana vifo na kudaiana urithi.

Siku moja tope likapanda tangini. Isihaka akapiga simu: "Mayunga, simamisha kazi, tutakufa!"

Mayunga akacheka. "Tangulia wewe, Mzigua. Sanda nitanunua mimi."

Isihaka akapiga tena, simu haikupokelewa. Kengele ya kusimamisha mtambo ilikuwa ukutani, na kila mfanyakazi aliruhusiwa kuibonyeza. Ila mwenzao aliyeibonyeza bure mwaka uliotangulia alifukuzwa. Isihaka akasita. Kisima kikalipuka, mafuta yakamwagika baharini siku tisa.

Kwenye uchunguzi Mayunga aliapa kwamba hakuonywa, walitaniana tu. Kampuni ikaandika kosa ni la Isihaka: kengele aliiona, hakuibonyeza. Kampuni haina haya!

Mwezi uliopita tulimzika baba. Mayunga akaja kama mtani, akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Waombolezaji wakacheka. Isihaka akachukua koleo, akaanza kumfukia.

"Jamani, ananiua!" Mayunga akapiga kelele.

Watu wakazidi kucheka.