Fundi Nkwabi na swali nililoacha kuuliza

TANGAZO RASMI. Ndugu, jamaa na marafiki wa ukurasa huu, nasikitika kuwatangazia kwamba saa ya ukutani ya sebuleni kwangu, hapa Katoro, imesimama tangu juzi saa nne na dakika kumi. Haitatengenezwa. Fundi wake amefariki.

Nimeandika neno hilo na bado nalibishia. Milembe, binti yake, alinipigia mwenyewe, nami nikamwambia, "Hebu kamwangalie tena."

Nkwabi alikuwa fundi saa pale Kahama, mimi fundi cherehani, baraza moja. Yeye Msukuma, mimi Mzaramo, yaani watani. Kwa miaka mingi tulitukanana kuanzia asubuhi na hatukuwahi kugombana.

Mtu wa kushona huangalia sana miguu ya watu. Miaka ile ya themanini, sabuni ikiwa ya foleni, niliona Nkwabi anaenda chooni kila mara, anakaa dakika ishirini, anarudi na tone kwenye ncha ya kiatu.

Mkewe naye alikuwa amehesabu hizo dakika. Akanijia, "Shemeji, huyo mwanamke wa huko nyuma ni nani?"

Nikaona nimsaidie mwenzangu kwa njia ya utani. Mbele ya wateja nikapaza sauti: "We Msukuma! Unakojoa au unahesabu matone?"

Baraza zima likacheka. Yeye hakucheka. Jioni akasema polepole, "Mtani, nahesabu."

Alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Alikuwa ameshakunywa mizizi ya mzee mmoja, ikamwongezea hamu ya kukojoa lakini njia ikabaki vilevile. Wiki ile ile njia ikaziba kabisa. Nilimshuhudia mwanaume mzima akikumbatia nguzo ya baraza huku jasho linamtoka kama mvua.

Zahanati wakamwekea mpira wa mkojo, wakatuambia tupande treni Isaka, twende hospitali ya misheni huko Mwanza. Sasa ule mpira na mfuko wake tuufiche wapi? Nikamvika kanzu yangu. Mkatoliki yule aliitikia "Waalaikum salaam, waalaikum salaam" kutoka Isaka mpaka Mwanza. Kuna mama alimwomba dua, naye akamwombea! Aisee.

Aliogopa kisu. Alishaniusia hata cherehani ya mkewe, niliyokuwa nimeazima, nisiidhulumu. Daktari akamwambia, "Tumbo hatuligusi. Shingo ya kibofu chako imebana. Tunapita njia ile ile ya mkojo na kifaa chembamba chenye taa na lenzi, tunakata palipobana, basi."

Nkwabi akakaa wima. "Daktari, kumbe na wewe ni fundi saa?"

Walimchoma sindano ya mgongo, akafa ganzi kiuno kwenda chini, lakini mdomo ukabaki mzima. Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Katikati ya kazi taa ya kile kifaa ikaanza kupepesa. Wanatafuta balbu nyingine, mara sauti ikatoka mezani: "Balbu haina kosa. Waya umelegea kwenye kishikio."

"Mgonjwa, nyamaza."

Wakakaza waya. Taa ikawaka.

Tumbo halikuwa na mshono hata mmoja. Maji ya kwenye mfuko yalikuwa mekundu, yakapauka kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji, mwisho yakawa meupe. Walipotoa mpira akaniita chooni kwa sauti ya wodi nzima: "Mtani! Njoo usikie!" Nikasimama mlangoni nikasikia ndoo ya bati ikilia kama mvua ya kwanza. Sikuwahi kusikia muziki mzuri kuliko ule, na nililia. Leo nakiri. Siku ile nilimwambia ni moshi wa jikoni.

Daktari akatuonya: "Kovu linaweza kubana tena. Mkojo ukianza kudhoofu, rudini haraka, tutapitisha kifaa tena. Ni kazi ya muda mfupi. Sasa nani atakuwa anamuuliza? Maana huyu bwana ni msiri."

Nikanyoosha mkono. "Mimi. Ni mtani wake."

Na niliuliza. Kila asubuhi, miaka nenda rudi, kabla hata ya salamu: "Msukuma, mto unafika wapi?" Naye, bila aibu, mbele ya wateja: "Unavuka barabara!"

Kisha nikazeeka, nikaja kukaa kwa binti yangu huku Katoro. Siku naondoka akanipa ile saa ya ukutani. Tukawa watu wa simu. Simu zenyewe za kuweka sauti ya juu, wajukuu wamekaa pembeni, na sisi sasa ni wazee wa heshima. Tukaulizana mvua. Tukaulizana mahindi. Tukaulizana magoti.

Juzi Milembe aliniambia: "Baba alikuwa anakaa sana chooni, tukadhani ni uzee. Tulipomfikisha hospitali figo zilikuwa zimekwisha. Walisema njia ilizibwa na kovu. Mimi ni binti yake, mzee wangu, ningemuuliza vipi?"

Usingeweza, mwanangu. Wala mumeo, mkwe wake, asingeweza. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Kesho nakuja Kahama, Nkwabi. Watani tuna kazi yetu msibani: nitalala kwenye kaburi lako niwazuie wazikaji mpaka wanihonge, nitakutukana mbele ya padri. Watacheka. Wewe usicheke, unajua ninachodaiwa.

Lala, Baba Milembe. Lala usingizi mmoja mpaka asubuhi, usiamke kwenda popote.

Nimeifungua ile saa. Ni betri tu.