Wimbo Uliokuwa Tayari

Jumatatu nilipigiwa simu nikaambiwa yule kijana wa Kaloleni aliyekuwa akitengeneza nyimbo za matanga amefariki. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu, basi. Mwaka wa tatu huko chuoni Maseno, jamani! Wengine walilia. Mimi niliogopa, na leo nitawaambia kwa nini, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Kila likizo ndefu, wenzake wakihangaika kutafuta vibarua mjini, yeye alijifungia na kompyuta yake katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, akaimba. Alikuwa na mdundo wa benga alioupiga mwenyewe, gitaa likilia hasa, na ndani yake nafasi za kutia jina la marehemu. Familia ilileta jina, ukoo na sifa mbili tatu. Kesho yake ikachukua wimbo wa kuchezwa siku ya mazishi, na wageni wakaamini mwimbaji alimjua marehemu tangu utotoni. Sisi watu wa ziwa hatumziki mtu wetu kimyakimya. Wapo waliomcheka, msomi wa chuo kula kwa vifo vya watu. Mimi sikumcheka, kwa sababu nilikuwa mteja wake.

Mwaka jana madaktari walituambia tumrudishe baba yangu nyumbani, hakuna la kufanya tena. Mimi na haraka zangu za kutaka kila kitu kiwe tayari, nikaenda Kaloleni mchana ule ule kuagiza wimbo. Kijana akaniuliza, "Marehemu yuko mochari gani, Mzee?" Nikamwambia bado. Akatoa mikono kwenye kompyuta. "Bado anapumua? Hapana, Mzee. Jina la mtu aliye hai siliweki humo." Nikasema nataka tu kusikia linavyokaa. Akakataa tena. Nikapandwa na hasira. "Si uweke lako basi! Msomi mzima unaogopa wimbo?" Alicheka kidogo, kwa aibu, akauimba mwanzo hadi mwisho kwa jina lake mwenyewe, kompyuta ikirekodi. Wiki hiyo hiyo baba aliketi kitandani akaomba ugali na samaki.

Jumamosi tulimzika. Wanafunzi wenzake walikuwa wameukuta wimbo kwenye kompyuta, umekamilika, wakadhani ndivyo alivyotaka. Saa saba mchana, jua likiwaka, wakaufungulia kwenye spika. Sauti yake ikatuaga, ikalitaja jina lake, ikataja na ukoo wake. Watu waliganda, hata watoto. Katikati ya gitaa ikasikika kwa mbali sauti ya mwanamke akimwita aje ale, chakula kinapoa. Naye akajibu, "Ngoja, Mama, niko na mteja." Kisha akaendelea kuimba. Mama yake, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza, akasimama.

"Huyo mteja alikuwa nani?"

Baada ya mazishi nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Najua kilichomuua ni malaria. Daktari alisema, nami namwamini daktari. Lakini nilimwomba mama yule msamaha. Hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane. Aliniuliza tu kama baba yangu amekuja. Nikamwonyesha mzee, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mzima kabisa. Akapakua ugali na nyama, sahani mbili, akampelekea mwenyewe kwa mikono yake. "Kula, Mzee," alimwambia taratibu. "Na hii ya pili, ya mwanangu, ni yako pia."

Baba hajui lolote. Alimshukuru, akazimaliza zote mbili, na yule mama alisimama pale akimtazama mpaka tonge la mwisho. Ndugu wasomaji, nimeandika safu hii miaka mingi nikiwafundisha vijana ujasiri. Woga wa kufiwa ulikuwa wangu. Nilimpa mtoto wa mwenzangu auimbe.