Njia Mbili za Shaba, na Jina Langu Katikati

Nilirudi Kasulu kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam nikiwa na cheti, kalamu tatu mfukoni na hakika kwamba mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa ukinisubiri mimi. Shirika moja lililogawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila likaniajiri. Kazi ya kwanza ilikuwa kuunganisha kompyuta ya ghalani na ya ofisini, ili karani aache kuvuka matope na karatasi za idadi ya magunia.

Nilihitaji bodi ndogo ya kielektroniki kila upande. Data ingepita kwenye njia mbili za shaba: kinachopanda kwenye hii kinashuka kwenye ile, na mashine inasoma tofauti kati yake. Ndiyo maana njia hizo hutakiwa kwenda bega kwa bega, urefu sawa, ili kelele ya umeme ikiingia, iingie zote mbili sawasawa na ijifute. Haya nilifundishwa. Nilipata hata alama nzuri.

Lakini msanii hazuiliwi na mambo madogo. Nilichora kwa wino usiofutika juu ya bamba la shaba, nikaacha nafasi katikati ya zile njia mbili, na humo nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, pamoja na neno "Mhandisi", ambalo hakuna chuo kilichokuwa kimenipa. Njia moja ikapita juu ya jina, ikigusana ubavu na transfoma ndogo ya umeme. Nyingine ikazunguka chini, mbali kabisa. Nikazamisha bodi kwenye dawa ya kula shaba isiyofunikwa na wino. Jina likatoka linang'aa.

Tukawasha jenereta. Ghalani karani akaandika maharage. Ofisini zikatokea herufi zisizo za lugha yoyote.

"Ni waya," nikamwambia bosi. Tukabadilisha waya.

"Ni mvua." Mvua ikakatika.

"Ni panya." Bosi, mtu wa Kibondo, mpole kupita kiasi, akaagiza sumu ya panya.

Karakana yetu ilifagiwa na mama mmoja mkimbizi kutoka Bujumbura. Siku ya nne aliweka fagio chini, akainama juu ya bodi.

"Mwanangu, hizi mbili zimegombana?"

"Mama, hii ni elektroniki."

"Bon, haya. Hii imelalia transfoma, hii imekimbia. Kelele inaingia kwa moja tu. Utaifuta na nini?"

Nikamuuliza alisomea wapi. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu miaka kumi na minne, akasema, akaokota fagio lake. Kwa miezi miwili nilikuwa nimemuuliza swali moja tu: chai iko wapi.

Nikampa kalamu. Alichora bila rula, mistari miwili ikipinda pamoja kila kona, mbali na transfoma. Mchana ule maharage yalifika ofisini yakiwa maharage.

Bosi akanipa mkono mbele ya watu wote. Nami, kwa unyenyekevu wangu mkubwa, nikaupokea. Ilinichukua siku mbili za aibu kumwambia ukweli.

"Safi sana," akasema. "Ila nafasi iliyopo kwa wakimbizi ni ya kufagia."

Nilibisha, kwa mara ya kwanza kuhusu kitu kisichokuwa mimi. Haikusaidia. Bodi zilizofuata alizichora yule mama, kwa mshahara wa kufagia, amekaa mezani kwangu. Mimi nikabaki na kuchomea vifaa kwenye bodi kwa risasi, kazi ambayo, kusema kweli, niliiweza.