Beseni la Shemasi Orville

Baba alimwosha kaka yangu miguu siku moja tu, na siku hiyo kaka alikuwa amelala kwenye jeneza.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Kwetu ni milimani Kentucky, Marekani, kwenye kaunti ambayo hata bia haiuzwi. Mara moja kwa mwaka waumini wa kanisa letu huoshana miguu. Ukishatengwa na kanisa, beseni huligusi. Na mshika beseni alikuwa Baba, Shemasi Orville.

Kaka yangu Delmer alianza kuumwa tumbo akiwa mtoto. Likimshika anajikunja sakafuni, jasho linamtoka, anatapika. Mara tuambiwe minyoo, mara chakula.

Alipokuwa mtu mzima, daktari wa mjini akatazama picha, akasema kongosho limeharibika. Hakuuliza mengi. Akaandika chanzo ni pombe.

Milimani siri haikai. Jumapili iliyofuata Delmer akasimamishwa mbele ya kanisa.

"Tubu, yaishe," Baba akamwambia.

"Nitubu nini, Baba? Pombe sijawahi hata kuionja."

"Daktari kasoma kuliko wewe."

"Kasoma, lakini hajakaa na mimi. Muulize Verna."

Verna ndiye mimi. Nikasimama, nikasema kaka hanywi. Baba hakunitazama. Ilipopigwa kura ya kumtenga, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Jamani, iliniuma.

Tangu hapo, kila siku ya kuoshana miguu, Delmer alikuwa akiegesha pikapu yake nje ya kanisa, anashusha kioo, anasikiliza nyimbo.

"Twende nyumbani, unajitesa bure," nilikuwa namwambia.

"Niache, dada. Huenda mwaka huu Baba akaniita."

Hakuitwa. Akakonda, sukari ikapanda, akila maharage na mkate wa mahindi havimkai mwilini. Mwishowe nikampeleka hospitali kubwa ya mbali. Huko tukampata Daktari Sandhya, mama mpole, akamuuliza habari za ukoo wake.

Delmer akacheka. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Ugonjwa huu una milango mingi," akasema. "Kuna pombe, kuna sigara, kuna mrija ulioziba, kuna mwili kujishambulia wenyewe, kuna kurithi. Wengine chanzo hatukijui. Na mtu anaweza kuingilia milango miwili. Sigara zako zimechochea moto, sikufichi, na kongosho limeshajaa mawe, limefika mbali. Lakini wewe ulianza utotoni. Nani mwingine kwenu aliumwa hivi?"

"Babu," nikasema. "Ila yeye alikuwa mlevi."

"Nani alimwona akinywa?"

Kisha daktari akachukua damu ya Delmer ikapimwe.

Kaka hakuyasubiri majibu. Daktari alinipigia simu jeneza likiwa sebuleni kwetu. Ugonjwa ulikuwa wa kurithi. Nikamwambia Baba mbele ya waombolezaji wote.

Baba akasema, "Verna, niletee beseni."

Nikatia maji ya uvuguvugu, maana Delmer alichukia maji baridi. Baba akapiga magoti, akamvua soksi, akaanza kumwosha. Ghafla akajikunja, mkono tumboni. Nikadhani ni kilio.

"Baba, una nini?"

"Tumbo lile lile lake," akanong'ona. "Linanishika tangu ujana. Nilikuwa nakwenda kujikunja kwenye banda la tumbaku nisionekane. Baba yangu walimzika nje ya ua wa kanisa kwa maumivu haya haya, wakidhani ni pombe. Nikaogopa."

"Na wewe hujawahi kunywa."

"Sijawahi."

"Kwa hiyo ulijua Delmer anasema kweli."

Akaendelea kumfuta vidole kwa taulo, kimoja kimoja.

"Nilijua, mwanangu. Niliinua mkono kwanza ili wasinitazame mimi."

Niliichukua ile taulo mikononi mwake, nikamalizia mwenyewe.

Ndugu zangu, mtu akikwambia anaumwa, mwamini kwanza. Na kama ukweli wake unaujua, useme angali hai. Maji yale yalikuwa ya uvuguvugu, lakini kaka yangu hakuyasikia.