Otto na Jiko Lisilo na Moshi

Otto Komba hakuwa fundi, na naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Kwa miaka ishirini na moja alitunza ghala la mbolea la chama cha ushirika hapa Songea, mikono yake ikajua kalamu na funguo tu. Ikaja enzi ya soko huria, ruzuku ya mbolea ikakatwa, ghala likafungwa. Otto akarudi nyumbani Matogoro ana miaka hamsini na minane, suruali mbili za kaki, na tabia ya kuamka alfajiri bila sababu. Mimi ni jirani yake, Theodosia. Kati ya ua wake na wangu kuna mstari wa migomba tu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, niliyaona.

Mkewe Aurelia tulimwita Mama Leticia, kwa jina la binti yao wa pekee. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na chakula kingi. Alipikia kwenye kibanda cha nyasi chenye mafiga matatu tangu siku aliyoolewa, na moshi wa miaka yote hiyo ulimwishia machoni. Mwaka huo wa tisini na nne yalikuwa mekundu na yanachuruzika mchana kutwa. Akikutazama, unaona kabisa kwamba anakutafuta. Mganga wa macho aliyepita na kliniki alimwambia bila kumung'unya maneno: asipoachana na ule moshi, atapofuka.

"Basi kapikie nje," nikamwambia.

"Na mbegu nimwachie nani?" akanijibu.

Juu ya mafiga yale, kwenye miti iliyokolea masizi, yalining'inia mahindi yake ya mbegu, mafungu kwa mafungu, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe. Huku kwetu moshi ndio dawa ya mbegu tangu zamani. Hindi lililokula moshi, fukusi haligusi. Na mahindi ya Aurelia hayakuwa mahindi tu. Yalikuwa meupe, ya punje pana, mbegu aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, na kila mavuno alichagua yaliyo bora akayatundika. Sisi wengine mbegu za mama zetu tulikwisha kuzila. Mbolea ilikuwa rahisi, mbegu ya dukani ilizaa, nani ahangaike na masizi? Sasa mbolea haishikiki kwa bei, na mbegu ya dukani bila mbolea inakupa mabua ya kulishia mbuzi. Ghafla mtaa mzima tukaanza kumsalimia Mama Leticia kwa unyenyekevu mkubwa. Aibu yetu.

Mwezi wa sita ikaja barua kutoka Tunduru. Leticia alikuwa na mimba ya mapacha na hali yake haikuwa nzuri. Aurelia akafunga kitenge chake, akapanda basi, akaenda kumuuguza. Otto alisimama uani siku mbili nzima kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Siku ya tatu akaniita kwenye migomba.

"Shemeji, akirudi atakuta jiko jipya. La matofali, lenye bomba la kutoa moshi."

"Nani atajenga?"

"Mimi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nikashikilia mgomba.

Kiangazi kwetu ndio majira ya kujenga, ardhi imekauka na shamba limepumzika. Kila ua utakaoupita kuna mtu anafyatua tofali. Desturi yetu ni kwamba kazi ya namna hiyo unapika pombe, unawaita majirani, ukuta unapanda huku watu wanaimba. Otto alikataa. Alisema anataka kila tofali la jiko lile lipite mkononi mwake. Mimi nilidhani ni ubahili.

Akachimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga, akafyatua matofali mia mbili, na akayaacha wazi kwenye upepo wa kipupwe. Kila aliyekulia hapa anajua tofali bichi hufunikwa nyasi. Asubuhi ya tatu yote yalikuwa na nyufa.

"Ungeniambia, shemeji," akasema.

"Ungeniuliza, shemeji," nikasema.

Akafyatua mengine, akayafunika, akayachoma. Akaanza ukuta. Timazi yake ilikuwa kufuli bovu lililofungwa kwenye kamba, na kwa hilo kufuli alikuwa anapiga magoti kila baada ya tofali tatu, jicho moja limefumbwa. Ukuta wa kwanza uliinama kwa nje. Nilingoja aite fundi. Aliubomoa mwenyewe, taratibu, akapanga matofali pembeni, akaanza tena. Kidole gumba kikapondeka, akakifunga kitambaa. Wiki moja akapatwa na homa na maumivu ya mgongo, na bado nilimsikia anakwangua udongo kwenye mwiko wake. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kumcheka. Nilikaa mlangoni kwangu nikafikiri kwamba marehemu mume wangu alinipenda pia, lakini hakuwahi kupigia ukuta magoti kwa ajili yangu, na roho iliniuma kidogo.

Bomba lilitoka mtaa wa Majengo, kwa fundi bati aliyekata mapipa mawili na kuyakunja. Otto alilibeba begani kutoka Majengo mpaka Matogoro kwa miguu. Njia nzima watu walimuuliza kama anafungua kiwanda.

Katikati ya mwezi wa nane jiko lilikwisha. Bati juu, dirisha kubwa upande wa jua linapochomoza, kuta zimepakwa chokaa ndani. Akawasha moto wa kwanza akaja kuniita. Nikaingia nikiwa nimeshika kanga puani kwa mazoea. Moshi ulinyooka ukaingia kwenye bomba, ukatokea juu ya bati, ukaondoka zake kuelekea milimani. Nilikuwa ndani ya jiko, moto unawaka, na naziona kuta zote nne. Nilimshika Otto mkono nikampongeza kwa moyo wangu wote.

Kisha akahamisha mbegu. Alizibeba fungu moja moja kwa mikono miwili, akazitundika juu ya moto mpya, kwa mpangilio uleule wa mkewe, ndipo akabomoa kibanda cha zamani. Na mimi nilikuwepo. Niliyaona mahindi yale yananing'inia kwenye jiko lisilo na moshi, mimi mwanamke niliyekulia chini ya mahindi kama hayo, nikaendelea kusifia bomba.

Mwezi wa kumi ikaja habari kwamba mapacha wazima, na Aurelia atafika baada ya wiki tatu. Nilipita kumpelekea Otto mboga nikamkuta anafagia jiko na kunung'unika.

"Chokaa hii fundi gani aliichanganya?" akasema. "Kila siku inapukutika."

"Fundi si wewe?"

Nikainama nitazame. Unga mweupe ulikuwa katikati ya chumba, wala haukuwa karibu na ukuta wowote. Nikaugusa, nikauweka kwenye ulimi. Nilipanda kigoda, nikashusha fungu moja, nikalimenya. Hindi lilikuwa jepesi mkononi. Fukusi wakamwagika mpaka kwenye vidole vyangu.

Tulishusha yote. Otto alikaa sakafuni katikati ya yale mahindi. Kisha akasema, "Nimefagia mbegu ya mama mkwe wangu mwezi mzima, shemeji. Nimeitupa jalalani kwa ufagio wangu mwenyewe."

Mimi ndiye niliyetoa ushauri mbaya, na siuondoi mabegani mwangu. Nilimwambia aende sokoni Majengo, atafute mahindi meupe yenye punje pana, atundike, anyamaze. Wanaume wameficha makubwa kuliko hayo. Akaenda, akapata yanayofanana kabisa, akayatundika. Yale yaliyobunguliwa akayatia kwenye gunia akaliweka nyuma ya mlango. Lakini tangu siku ile hakula vizuri, na kila akipita chini ya yale mahindi ya sokoni aliinamisha kichwa.

Siku ya basi la Tunduru nilimkuta asubuhi anayashusha.

"Unafanya nini?"

"Siwezi," akasema. "Nilimjengea ili aone. Halafu nimfiche?"

Aurelia alifika alasiri, amejaa vumbi la njia nzima, amenenepa kidogo. Kule alikuwa akipikia mkaa uani, kwa mkwe wake. Nilimwamkia na kumpokea mzigo. Akalizunguka jiko kwa nje, akapapasa matofali, akaingia. Otto aliwasha moto. Mama Leticia akainua ncha ya kitenge kuelekea machoni, kama alivyofanya miaka yote mbele ya moto, akangoja. Hakukuwa na cha kufuta. Akakishusha kitenge, akatabasamu.

Otto hakungoja tabasamu liishe.

"Mama Leticia, mbegu zimeliwa. Nilizitundika hapa, moshi ukawa unatoka wote. Zimebunguliwa. Ni mimi."

Aurelia akatazama juu, kwenye miti mitupu. Uso wake ukabadilika, na niliogopa. Nilijua analoliona: ni mama yake, na mikono ya mama yake. Otto naye akashika nyundo iliyokuwa dirishani.

"Bomba nalitoa leo," akasema. "Nitakujengea kibanda kama kile, wiki hii hii."

"Weka nyundo chini, Baba Leticia."

"Mbegu ya mama yako..."

"Nimekwambia weka chini. Ziko wapi?"

Akaleta gunia. Aurelia akaomba ungo, akakaa kwenye mkeka chini ya dirisha, akaanza kupukuchua. Machozi yalimtoka, ya uchungu safari hii, na hakuyaficha. Tulikaa naye, mmoja huku mmoja kule, tukapukuchua. Hindi zima lilitoa punje tatu, nne zilizo salama. Mengine hayakutoa hata moja. Tulizokuta nzima tulimwekea kwenye ungo, naye akazipitia.

"Mama hakuwa na bomba," akasema baada ya muda, kana kwamba tulikuwa tumemuuliza. "Ndiyo maana alitumia moshi. Bibi yake alitia mbegu kwenye mtungi na majivu. Majivu tutakuwa nayo, si bado tunawasha moto?"

Otto akaitikia kwa kichwa.

Zilijaa kikombe kimoja, na nusu ya kingine. Si shamba, lakini zinatosha kitalu nyuma ya nyumba, na mwaka unaofuata kitalu kinazaa shamba. Jua lilikuwa linashuka. Otto akaweka punje nyingine kwenye ungo. Aurelia akaiokota papo hapo, akaitupa pembeni.

"Hiyo ina tundu."

Otto akaichukua. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza. "Nzima hii."

Nikaipokea mimi, ambaye ni mdogo kuliko wao kwa miaka kumi. Niliigeuza mara mbili ndipo nikaliona tundu, dogo kama ncha ya sindano, pale punje inaposhikana na gunzi. Nikamtazama Otto, Otto akanitazama. Aurelia alikuwa ameinama anaendelea, vidole vinakimbia, hii huku, hii kule, wala hajui kwamba sisi tumeacha kupukuchua.

Otto akanyoosha mkono kwenye rundo la zilizotupwa, akachagua punje yenye tundu dogo kuliko yote aliyoweza kuipata, akaipenyeza kimya kimya katikati ya zile nzima.

Aurelia hakuinua kichwa. Akaiokota, akamtupia magotini.

"Usinijaribu, Baba Leticia. Naona."

Otto akacheka, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Akachagua punje nyingine yenye tundu, akaipenyeza tena kwenye ungo.